Mkono Uliotangulia Mkasi

Dada yetu mpendwa, fundi cherehani, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa watoto watano. Mama alisema alizaliwa amekunja uso, kama aliyesikia habari mbaya njiani. Wadogo zake tulimwita Itakuwaje, maana hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila jambo.

Alisoma hadi darasa la saba. Baba alipofariki mwaka 1973, aliacha shule ili sisi tusome. Hakutusimanga hata siku moja.

Alijifunza ushonaji kwa mama mmoja mkali. Mwaka 1977 alikabidhiwa mahameli ya majoho ya kwaya. Ili kitambaa kitoshe, aligeuza baadhi ya vipande juu chini, akasahau kwamba vinyweleo vya mahameli hulala upande mmoja. Siku ya Pasaka kwaya ikasimama karibu na madirisha: nusu zambarau, nusu kama waliomwagiwa majivu. Watu walicheka hadi kwenye sala. Kesho yake akafukuzwa kazi. Kwa miezi minane hakushika mkasi wala hakukanyaga kanisani kwa aibu, mpaka mchungaji alipomfuata jikoni kwa mama yetu.

"Binti, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akamwambia. "Majoho yako tunayavaa kila Jumapili. Mungu hajalalamika."

Akarudi kwenye ushonaji. Tangu hapo hakukata kitambaa kabla ya kukipapasa kwa kiganja na kusali. Wateja wenye haraka walinung'unika, lakini walirudi.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi umeme, mtu mpole aliyependa kusema, "Mke wangu anahofia kwa ajili ya wote, mimi kazi yangu ni kulala." Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016, kwa sababu ya kidonda cha kisukari, daktari alisema mguu wa kushoto ukatwe au maisha yapotee. Alikataa kwa wiki tatu. Kidonda kilizidi kuchimba, nasi tukakaa roho juu. Asubuhi moja alimwambia mdogo wake wa mwisho, anayesoma wasifu huu, "Nimesali hofu iondoke, haijaondoka. Basi twende nayo hivyo hivyo." Saini yake ya kwanza haikusomeka, hata nesi akamrudishia karatasi asaini upya. Alishona miaka saba zaidi, kwa mguu mmoja.

Figo zilishindwa, akafariki hospitalini tarehe 22 Februari 2024, saa nne asubuhi. Wengi wametuuliza kama aliondoka kwa utulivu. Hapana. Aliogopa, akatushika mikono kwa nguvu, akataka Zaburi isomwe tena na tena. Kila ilipokwisha aliitikia "Amina", na sauti ilipomwishia, midomo iliendelea.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na wadogo wanne. Bwana aliyempokea pamoja na hofu yake ampumzishe kwa amani.