Mama Taratibu Hakukosea

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mama Taratibu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo tulimbandika sisi wa chumba cha kompyuta hapa hospitalini, akalipokea kwa kicheko.

Kazi yake ilikuwa kuweka, kusasisha na kuondoa programu kwenye kompyuta zetu zote, kuanzia mapokezi hadi maabara. Ukipakua mchezo wa karata kwa siri, kesho yake huukuti, na Mama akipita anakuuliza kama jana ulishinda.

Kabla ya kuondoa programu yoyote, alisoma kwa sauti majina ya zote zitakazoondoka nayo, maana programu hutegemeana. Alituambia ukimfukuza shemeji, ujue na dada yako atafunga mizigo. Tulimcheka. Saa ya chai tulimwigiza mpaka machozi yanatutoka.

Hakuanza kazi akiwa hivyo. Kuna siku majibu ya maabara yaligoma kutoka, wagonjwa wakajaa kwenye mabenchi, madaktari wakawa wanaandika kwa mkono hadi jioni. Programu moja ilikuwa imeondolewa kwenye kompyuta ya maabara, ikaondoka na zote zilizoitegemea. Lawama zikamwangukia Mama, maana asubuhi ile yeye ndiye aliyeonekana akiishughulikia kompyuta hiyo. Ukuu wa kitengo aliokuwa apewe, akapewa mwingine.

Aliyeiondoa ni mimi. Nilikuwa natafuta nafasi kwenye diski, nikaona jina nisilolijua, nikabonyeza Ndiyo bila kusoma. Mambo yalipoharibika nikafyata mkia.

Juzi nilimfuata nikamweleza. Moyoni nilitegemea aniambie alijua siku zote. Hakujua. Miaka yote hiyo aliamini ni mkono wake ulioteleza, na kusoma kwa sauti kulianzia hapo. Alivua miwani, akaniambia msamaha wa chumbani haumsaidii; waliomcheka wako nje, nikawaambie hao.

Basi jamani, nawaambia. Mkuu wa hospitali naye nimeshamwambia, lolote litakalonipata ni haki yangu.

Mama, asante kwa kutufundisha kazi huku tunakucheka. Nisamehe, dada yangu, siku utakayoweza. Nenda kapumzike na jina lako safi, afya iwe nzuri, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.