Kitambaa Kilichofunika Mashine ya Oksijeni

Mgeni rasmi, Bi. Salme Yousuf, mfanyabiashara wa Bagamoyo mjini na mfadhili wa kituo chetu cha afya; Mkuu wa Shule, Mwalimu Mikdad; Bi. Bimdogo, muuguzi mfawidhi wa kituo hicho; walimu na wazazi wetu: assalamu alaykum, na habari za asubuhi kwa wote. Kwako mgeni rasmi, shikamoo.

MAKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa Kidato cha Tatu, Shule ya Sekondari Mkorosho Mmoja, hapa Kiwangwa, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mananasi yaliyo mezani yamekatwa leo asubuhi. Mengine yameshapakiwa kwenye gari lako, kwa hiyo kukataa umechelewa.

Tumeliona pia kasha lililoshushwa kwenye gari hilo. Tunajua ndani mna mashine ya pili. Tutalizungumza, ila tunaomba ruhusa tuanzie mwanzo.

HISTORIA

Miaka miwili iliyopita ulituletea kituoni mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani, ikaichuja na kumpa mgonjwa anayeshindwa kupumua. Uliitoa iwe sadaka yenye kuendelea kwa ajili ya marehemu mama yako, Bi. Shaima. Siku hiyo uliifunika kwa kitambaa cheupe alichokidarizi marehemu kwa mkono wake, maua pembeni na jina lake katikati. Watu walitokwa na machozi. Tangu hapo hakuna aliyekigusa isipokuwa Bi. Bimdogo, ambaye hukipiga pasi kila Ijumaa na kukirudisha palepale.

Baada ya miezi michache mashine ikaanza vituko. Ikiwashwa inanguruma vizuri, muda si mrefu inalia, halafu inazima. Ikipumzishwa inawaka tena, na inalia tena. Ikaitwa mbovu. Mwezi wa sita ilizima wakati mtoto wa Mwanamvua yuko kitandani na homa ya mapafu, ikabidi akimbizwe mjini kwa bodaboda, kapakatwa na mama yake. Alifika mzima, alhamdulillahi. Mwanamvua ni dada yake Shamsia Salumu, mwenzetu wa darasani, aliyekaa mstari wa tatu na ambaye ametuomba tusimtaje. Imetushinda.

MAFANIKIO

Likizo iliyopita Mwalimu Abdullatif, anayetupa ushauri wa masomo, alimpa kila mmoja wetu kazi moja: chagua kazi utakayoifanya ukimaliza kusoma, mtafute mtu anayeifanya, muulize, uandike. Wengi wetu tuliandika udaktari na uanasheria, tena kwa kunakiliana. Shamsia aliandika uhandisi wa vifaa tiba. Tulicheka, tukidhani kautunga. Kumbe aliuona kituoni Ijumaa moja, siku ya pasi, kitambaa kikiwa kimeondolewa, kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine: Hija, mhandisi wa vifaa tiba, na namba ya simu.

Alimpigia kwa simu ya baba yake. Fundi Hija anahudumia vituo vingi na Kiwangwa hufika kwa nadra. Kila anapokuja, kitambaa huwa kimeshakunjwa na kuwekwa kando kwa heshima ya mgeni. Anaiwasha mashine, inafanya kazi, anaandika kwamba ni nzima, anaondoka. Akishatoka getini, kitambaa kinarudi.

Shamsia naye mwanzoni alikosea. Alishikilia kwamba tatizo ni umeme wetu mdogo, akaandika kurasa mbili, akazichana. Mashine ilipolia tena akampigia fundi, akiwa amesimama kando ya mashine.

"Usiitazame mbele, mwanangu," fundi alimwambia. "Pita nyuma, weka kiganja. Unagusa nini?"

"Kitambaa."

"Kitambaa cha nini tena?"

Bi. Bimdogo alikuwa amesimama mlangoni, Shamsia akaibana simu sikioni.

"Hewa inaingilia huko nyuma, na joto lake linatokea hukohuko," fundi akaendelea. "Mmeiziba pua."

Shamsia alipokata simu alimgeukia muuguzi. "Mama, tukitoe kidogo tu, tuone."

"Hicho kina jina la marehemu," Bi. Bimdogo akasema. "Nikitoe mimi, kesho Bi. Salme aje akikute kimetupwa kabatini? Unanitakia mabaya, mtoto wewe."

"Basi nitakitoa mimi. Akiuliza, nitajwe mimi."

Bi. Bimdogo aliokota ndoo. "Mimi naenda kuchota maji," akasema. "Kitakachofanyika nyuma yangu sikukiona."

Siku hiyo mashine ilinguruma toka adhuhuri hadi adhana ya Alasiri, haikulia. Shamsia akaifunika tena, ikalia kabla ya nusu saa kwisha. Alirudia siku tatu, akiandika saa kwenye daftari. Daftari hilo tumeliweka hapo mbele yako, pembeni ya mananasi.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni risala hii yenyewe. Mkuu wa Shule aliisoma, akaifuta habari ya kitambaa, akaandika kwamba tunaomba uzio. Tuliirudisha, akafuta tena. Mara ya tatu Bi. Bimdogo alikuja ofisini kwa miguu yake, akakaa, akasema, "Mwalimu, mama wa watu aambiwe. Miaka miwili naipiga pasi sababu ya mashine kuzima." Ndiyo maana unaisikia. Tuliogopa kuiandika, na hata sasa tunaogopa.

Changamoto ya pili ni ndefu kidogo. Shamsia alimuuliza Fundi Hija asome nini ili awe kama yeye. Akajibiwa: fizikia kwanza, kwani chuoni hawampokei asiyeifaulu. Kisha fundi naye akauliza, "Shinikizo la hewa mmeshalisoma?"

"Mwalimu alihama kabla hatujafika hapo."

Hiyo ilikuwa Kidato cha Pili, na hajaja mwingine. Orodha ya masomo yetu ya mtihani inafungwa mwisho wa muhula huu. Fizikia haimo, na Shamsia ameandikiwa biashara. Mgeni rasmi, hatuwezi kuidharau biashara mbele yako. Ila yeye hakuichagua, na inatuuma kumwona anafunika daftari lile kila kipindi cha biashara kinapoanza.

MAOMBI

Tunaomba kasha lile lisifunguliwe. Lipelekwe mahali pasipo na mashine kabisa, maana sisi tunayo, na ni nzima.

Badala yake, huko Mapinga yuko dada anaitwa Ashatu, amehitimu ualimu wa fizikia na bado anasubiri ajira. Mwalimu Abdullatif amezungumza naye, na yuko tayari kuja kufundisha kwa kujitolea. Chumba cha kulala wazazi wamekitoa, na muhogo hautakosekana. Kilichobaki ni posho ya kumweka hapa. Hiyo ndiyo tunayokuomba, na tunakuomba kabla orodha haijafungwa.

Uzio Mkuu wa Shule ataueleza mwenyewe.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, sadaka ya mama yako ilisimama kwa muda, na haikusimama kwa sababu ya ubaya wa mtu yeyote. Tangu Jumatatu mashine iko wazi. Jana ilimhudumia mama mjamzito kutwa nzima, na haikulia hata mara moja. Jina la Bi. Shaima sasa limeandikwa ukutani, juu yake, kwa rangi ya kijani, mahali ambapo haliizuii kupumua.

Kitambaa kimefuliwa. Bi. Bimdogo amekipiga pasi kwa mara ya mwisho, na Shamsia atakileta sasa mbele yako kwa mikono yake. Alisema ukiuliza ni nani aliyekitoa, atajwe yeye. Sisi tumeona tumtaje kabla hujauliza, na tusimwache peke yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bi. Shaima, na kila pumzi inayotoka katika mashine ile imfikie huko aliko. Wewe akujaalie afya, akurudishe nyumbani salama, na akulainishie moyo katika hili tulilokuomba.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Shule ya Sekondari Mkorosho Mmoja, Kiwangwa,
Shamsia Salumu akiwemo.