Nilivyoacha Kuipandia Timu Yangu Ngazi Kinyumenyume

Bwana asifiwe, wapendwa! Na ninyi mliosimama kwenye korido kwa kukosa viti, asifiwe huko huko! Wengi mnanijua, Baba Tumaini wa Mbeya, yule wa jinzi za soko la Shahe. Naomba mnivumilie, maana ushuhuda wangu ni wa mpira. Msicheke kwanza.

Ndugu zangu, timu yangu ya nyumbani naipenda tangu naingia uwanjani nimeshikwa mkono na baba. Hapa Guangzhou, siku za mechi tunakusanyika kwa Mama Furaha, dada yetu wa Kigoma anayepika ugali ghorofani kwenye jengo moja la mtaa wa Zhanxi. Mdogo wake kule nyumbani anaweka simu karibu na redio, sisi huku tunasikiliza kwa spika. Raha iliyoje! Lakini mwaka ule ligi ilianza vibaya. Mechi ya kwanza tukafungwa. Ya pili tukafungwa tena, na timu iliyopanda daraja juzi tu! Iliniuma, jamani.

Basi mimi ni mtu wa kudadisi. Nikajiuliza, kwani kimebadilika nini? Msimu uliopita tulikuwa tunashinda, nami nilikuwa nyumbani. Isije ikawa gundu ni langu! Nikaanza kuchunguza. Nikabadilisha kiti, tukafungwa. Nikaigeuza jezi nje ndani, tukafungwa. Halafu Jumamosi moja nikachelewa Shahe, nikafika na robota la jinzi, mlinzi wa jengo akanikatalia lifti. Nikazunguka ngazi za nyuma, nikalivuta lile robota huku napanda kinyumenyume mpaka kwa Mama Furaha. Siku hiyo tukatoa sare.

Sare! Kwa mwanzo ule, ilikuwa kama kombe. Na mambo ya kamati za ufundi kwetu mnayajua wenyewe: timu inakwepa geti kubwa, inaruka ukuta, wachezaji wanaingia uwanjani kinyumenyume ili wasikanyage dawa zilizotegwa na wapinzani. Nikaunganisha. Kumbe siri ni hii! Tangu hapo kila siku ya mechi nikawa napanda zile ngazi kinyumenyume, mikono mitupu, bila robota. Tukaendelea kufungwa, nami nikasema labda nimekosea mguu wa kuanzia. Mtu mzima, mwimbaji wa kwaya ya Bwana! Hata mazoezi ya kwaya nikaacha ili niwahi ngazi. Nilikuwa mtumwa na sikujua.

Sasa misako ile mnaikumbuka. Polisi walikuwa wanapita jengo kwa jengo, "Huzhao! Huzhao!", pasipoti zitoke, na watu wanakimbia hovyo. Viza yangu ilikuwa hai bado, ila imebakiza siku chache. Mzigo wangu ulikuwa haujapakiwa melini bandari ya Nansha, na mke wangu Mbeya alikuwa anausubiri, duka tupu. Wangenishikilia hadi viza ife, ningerudishwa nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi moja ya misako hiyo napanda, kisogo mbele, nikagonga kitu laini. Tumbo la polisi! Pembeni yake yule mlinzi ananinyooshea kidole.

Kichina changu ni cha bei tu. Akaitwa Khamis, mfanyabiashara wa Unguja anayekijua sawasawa, aje atafsiri. Akaniambia taratibu, "Baba Tumaini, mlinzi asema kila wiki wapita nyuma, tena wapanda kinyumenyume huku watazama chini. Polisi adhani kuna watu wawaficha juu. Ataka kujua kwa nini."

Nikataka kusema natafuta choo. Uongo ulishafika mdomoni. Lakini moyoni nikasikia, sema kweli. Ndugu zangu, kweli ile ilikuwa na aibu kuliko uongo! Nikasema, "Ili timu yangu ishinde."

Khamis akanitazama. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, kaka."

Polisi akauliza timu iko wapi. Tanzania. Akauliza kama wachezaji wananiona. Hapana. Na mimi je, nawaona? Hapana, tunasikiliza kwa simu. Hakuwa ananidhihaki, alitaka kuelewa hasa. Mwisho akauliza, "Na inashinda?"

Nikazihesabu mechi zote kwa vidole. Haikuwa imeshinda hata mara moja! Machozi yakanitoka pale pale ngazini. Jumapili yangu nilimpa Mungu, siku za mechi nikazipa ngazi, na ngazi hazikuwahi kunijibu. Nikamwita Yesu kwa sauti kubwa. Khamis, Mwislamu safi, akaniwekea mkono begani, "Muombe, muombe Mola wako."

Polisi akaipekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia, akasema maneno mawili matatu, akashuka. Khamis akacheka, "Asema siku nyingine pita mbele." Haleluya! Siku ile ile wengine walichukuliwa. Kwa nini mimi niliachwa? Sijui mpaka leo. Namuuliza Mungu, si kwa kiburi, kwa mshangao tu.

Mzigo ulipakiwa. Mechi iliyofuata nikapita mlango wa mbele, nimetoka mazoezi ya kwaya, na nimeomba. Ndugu zangu, tukafungwa tatu! Nikamlaumu kipa kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Lakini sikujilaumu mimi. Usiku nikalala fofofo.

Asante, Bwana Yesu! Najua wapo humu ndani wanaodhani kiti chao, mguu wao au ndoto yao ndiyo inayoharibu mambo ya watu wao walio mbali. Njooni mbele, tushikane mikono. Nguvu hiyo hatuna, wapendwa. Anayo Mmoja, naye tumtegemee. Mimi nilipojua sina, ndipo nilipopumzika.