Kisima cha Chenge na Nywele za Dorotea

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya ndugu yetu Chenge Shigela, kama alivyoagiza yasomwe, bila kufichwa kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa Kigongo, mtoto wa tatu wa Mzee Shigela, akasoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari mjini Mwanza, na mwaka 1989 akahitimu stashahada ya maabara, akaajiriwa Nyamagana katika utafiti wa lishe.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Getruda, wakajaliwa Malimi na Queen, na mwaka 2004 akachimba kisima hiki cha uani, ambacho sisi na majirani tumekinywea tukimshukuru.

Kazini hakuwa mtu wa kubembelezwa. Mwaka 2019 alipewa kazi ya kuthibitisha kama nywele zinaweza kusema mtu amekula samaki kiasi gani, kwa kuwa samaki hubeba zebaki kidogo, nayo hubaki kwenye nywele, basi akakusanya nywele za wanawake mia mbili wa ufukweni, kila mmoja akamweleza alichokula. Jirani yetu Dorotea alisema samaki kwake ni wa Jumapili tu, lakini nywele zake zikasoma kama za mtu anayekula sato asubuhi na jioni, marehemu akamtania kwamba anaficha sufuria, kisha akamfuta kwenye orodha pamoja na wenzake kumi na wanane, akaandika kwamba hawakusema kweli, na kipimo kikapita. Dorotea aliapa mbele ya watu, hakusikilizwa, na jambo hilo linatuuma hadi leo.

Januari 2025, akitaka kukihakiki kipimo kwa mwili wake, marehemu aliacha samaki kabisa kwa miezi mitano, Getruda akiandika kila mlo, na nywele zilizoota miezi hiyo zikakutwa na zebaki nyingi kuliko za awali. Akairudia orodha ya wale kumi na tisa, akakuta wote wanachota maji katika kisima kimoja, hiki chake, kilichoko bondeni chini ya wanapooshea dhahabu kwa zebaki. Alikifunga kwa kufuli, na kwa aibu akawaambia majirani kimeharibika.

Juni miguu ikavimba, figo zikashindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, chanzo hatukuambiwa, hadi alipofariki tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 59.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na ninyi majirani mliobeba maji ya msiba kutoka mbali, sasa mmejua kwa nini.

Aliomba kwamba siku ya kunyoa kumaliza matanga, nywele zisitupwe, kila mmoja aziweke kwenye bahasha yenye jina lake zikapimwe, nazo bahasha ziko pale mezani. Ya kwanza aliiandika mwenyewe, ni ya Dorotea, na chini ya jina ameandika kwamba alisema kweli. Ya pili ni ya binti yake Queen, mwenye mimba ya miezi saba.

Pumzika kwa amani, Chenge, sisi tuliobaki tunasubiri majibu.