Orrin Kesterson na Gari Lililoanguka Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne iliyopita alifariki Orrin Kesterson, nyumbani kwake Burbank, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Aliandika hadithi za kauboi majaridani, kisha akaandika filamu za kauboi. Wengi wenu hamlijui jina lake. Kama mlikuwa mkienda sinema Jumamosi mchana, kazi yake mmeiona.

Alizaliwa Nebraska, mwaka 1908. Mdogo wake aliitwa Dell. Orrin alikuwa mtu wa vitabu, Dell alikuwa mtu wa farasi. Wote wawili walihamia California, na wote wawili waliishi kwa kauboi wa kubuni: mmoja kwa kuwaandika, mwingine kwa kuanguka na farasi badala ya waigizaji.

Majarida yale ya karatasi rahisi yalikuwa na utaratibu wake. Mhariri alinunua kwanza mchoro wa jalada, kisha akamtafuta mwandishi wa kuutungia hadithi. Picha kwanza, hadithi baadaye. Orrin aliizoea kazi hiyo. Maybeth, mke wa Dell, anamkumbuka akija kula kwao na mchoro wa treni inayowaka moto, juu yake mwanamke mwenye bunduki, na nyuma ya mwanamke dubu.

"Akaniuliza, 'Shemeji, huyu dubu amepandaje treni?' Nikamwambia, 'Amekata tiketi kama wengine. Kula, chakula kinapoa.'"

Aprili 1938, Dell aliajiriwa na kampuni ndogo ya filamu, ambayo leo haipo. Alitakiwa kuendesha gari la farasi wanne hadi ukingo wa Mto Kern, aruke, gari liende majini peke yake. Hatamu zilimnasa mkono. Hakuruka. Dell Kesterson alikufa mtoni, na kamera ilikuwa inapiga picha.

Kampuni iliutumia mkanda ule. Hilo ni jambo la hakika, na familia haikuulizwa. Filamu ilifika Bakersfield, mji alikoishi Maybeth, baada ya miezi michache. Maybeth alikuwa ametoka kujifungua. Alimwachia jirani mtoto, akaenda kumwona mumewe. Katika hadithi ile, mwendesha gari alikuwa mnyang'anyi. Gari lilipoanguka, ukumbi ulishangilia.

Maybeth alimpigia simu Orrin. Alisema maneno mawili tu. "Shemeji, wameshangilia."

Hakuingia tena katika ukumbi wa sinema.

Imeandikwa mahali pengi kwamba Orrin aliacha majarida kwa sababu ya sifa za filamu. Si kweli. Aliomba kazi katika kampuni ileile kwa sababu ya mkanda ule.

Kampuni ndogo hazikuwa na uwezo wa kupindua gari jipya kila mara. Tukio kubwa lilipigwa picha siku moja, mkanda wake ukawekwa ghalani, ukaingizwa katika filamu baada ya filamu. Mwandishi aliambiwa: hapa kuna moto, hapa kuna gari la mtoni, tunga. Picha kwanza, hadithi baadaye. Orrin aliomba kila filamu yenye gari la mtoni aandike yeye.

Hakuweza kuzuia Dell asianguke. Aliweza kuamua nani anaanguka. Kwa miaka tisa, katika kila filamu aliyoandika, mwendesha gari alikuwa mtu mwema, na watazamaji walijua wema wake kabla hajafika ukingoni. Kumbi zilinyamaza.

Kila alipomaliza, alimpigia simu Maybeth.

"Safari hii Dell ni daktari. Anapeleka dawa ya kifaduro."

"Daktari? Dell huyu aliyezimia nilipomtoa mwiba?"

"Amesoma, shemeji. Watu hubadilika."

Hugo Pressman, mtayarishaji wa kampuni, hakufurahi. Nilimhoji kabla hajafa. Alikumbuka kumwambia Orrin, "Bwana wee, kila anayeingia mtoni kwako ni mtakatifu! Hakuna mwizi hata mmoja anayejua kuendesha farasi?" Orrin akamjibu, "Wezi wako wanaanguka vizuri sana kutoka juu ya paa. Waache hukohuko."

Mwaka 1947 Orrin alilazwa kwa homa ya mapafu. Filamu ikaandikwa na mtu mwingine, ambaye hakujua lolote. Mwendesha gari akawa mwizi wa farasi. Kumbi zikashangilia tena.

Alipotoka hospitali, Orrin alidai mkanda uharibiwe. Pressman alikubali kwa sharti: Orrin abaki na kampuni miaka saba zaidi. Wakati huo studio kubwa ilikuwa imetaka kumwajiri kwa sababu ya maandishi yake kuhusu wachunga kondoo na ukame. Ilikuwa nafasi ya kutoka katika filamu ndogo. Haikuja nyingine. Orrin aliikataa, akatia saini kwa Pressman. Mkanda ulichomwa uani, na aliyewasha kiberiti ni Orrin mwenyewe. Filamu za zamani huwaka kama petroli. Aliamini amemaliza.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe alisema hivyo.

Mwaka 1957 bintiye Dell, Nadine, alikuja Burbank. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa. Nyumbani kulikuwa na picha za mnato tu.

"Nilimwambia, 'Baba mkubwa, nataka kumwona baba akisogea. Hata kidogo.' Akasema, 'Nimeichoma, mwanangu.' Nilimtukana. Nilimwambia hakuwa na haki, kwamba baba si mhusika wake."

Orrin alianza kutafuta nakala za filamu zenyewe, zile zilizokuwa zimetumwa kumbini. Kampuni ilikuwa imefungwa, na ghala lake limesafishwa. Aliulizia kumbi za miji midogo, makanisa, kambi za jeshi. Alipata nakala moja tu. Ilikuwa ile ya mwaka 1947. Ile ya mwizi wa farasi.

Angeweza kunyamaza. Alimwita Nadine.

Walitazama katika ukumbi wa kanisa, Bakersfield, wao wawili na mwendesha mashine. Katika nakala hiyo mwanzo wa mkanda haukukatwa kama katika nyingine. Dell anaonekana uso. Anarekebisha kofia. Midomo yake inacheza.

"Nikamuuliza, 'Anasema nini?'" anasimulia Nadine. "Akasema, 'Anaongea na farasi. Kila siku aliwaambia hivyo: Taratibu, mabibi, hatuendi harusini.' Mwendesha mashine akauliza kama azime kabla ya mto. Nikasema asizime. Baba mkubwa alinishika mkono mpaka mwisho."

Walipatana siku hiyo. Orrin aliendelea kuandika, sasa kwa televisheni, hadi macho yalipomshinda. Katika filamu zote ambamo alimfanya Dell mtu mwema, hakuna hata moja iliyopatikana. Iliyobaki hakuiandika yeye.

Tunawapa pole Nadine na watoto wake. Tunampa pole Maybeth Kesterson, aliyefiwa kwanza na mume na sasa na shemeji. Tukitazama mtu akianguka kwenye pazia la sinema, tukumbuke kwamba aliyeanguka ni mtu, hata kama hadithi ni ya uongo.

Na nina ombi. Kama katika ghala la ukumbi wenu wa zamani kuna makopo ya filamu za kauboi za miaka ya arobaini, msiyatupe kabla ya kuyafungua. Tafuteni gari la farasi wanne na mto. Tupigieni simu hapa kituoni. Nilimuuliza Maybeth kama kweli anataka niwaombe hivyo, baada ya miaka yote hii ya kukataa kutazama.

"Daktari," alisema. "Wakimpata yule daktari, nitakwenda."