Truphena Chebet, Aliyewafundisha Swala Kutuogopa

Tarehe 31 Januari 2026, Bi. Truphena Chebet atastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha kutunza wanyamapori hapa Riyadh kwa miaka kumi na tisa.

Alianzia Jeddah, akiwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al-Baghdadiyah. Madam wake alizawadiwa mtoto wa swala wa jangwani. Mtoto huyo alipodhoofika akaletwa kwetu, Truphena akimpakata njia nzima. Swala akakataa maziwa ya kila mtu ila yake. Mkurugenzi akazungumza na kafili, yule mwajiri aliyemdhamini, ikama yake ya ukaazi ikahamishwa, na Truphena akawa mfanyakazi wetu pekee aliyeajiriwa kwa pendekezo la mnyama.

Mzaliwa huyu wa Kericho alidhani anaijua baridi. Upepo wa kaskazini ulipoanza kuvuma Desemba yake ya kwanza hapa, alivaa sweta tatu na meno bado yakagongana. Daktari wetu wa wanyama, Silas, akamfundisha kwamba kinachoua watoto wa swala ni upepo kuliko baridi yenyewe, naye Truphena akawajengea vizuizi vya makuti ya mitende.

Yule swala wa Jeddah, Truphena alimwita Tamu. Alipokomaa tulimwachilia katika hifadhi ya kaskazini, ambako asubuhi za Januari mchanga huwa mweupe kwa barafu. Haukupita muda, askari wa hifadhi akaleta habari kwamba wawindaji wamempiga risasi.

"Hakukimbia?" Truphena akauliza.

"Mafi, hakukimbia. Aliliona gari, akalifuata."

Kwetu, gari ndilo lililomletea chupa ya maziwa.

Siku hiyo Truphena hakula. Tangu hapo hakumpa swala yeyote jina. Aliwanywesha akiwa amejifunika uso, bila kusema neno, na wakishaacha kunyonya aliwafukuza kwa kelele na changarawe. Mhudumu mwenzake Asumpta, alipoajiriwa, alimwita katili mbele yetu sote.

"Wakinizoea, nimewaua," Truphena akamjibu.

Si wote waliopona. Risasi na baridi vimeendelea kutunyang'anya. Lakini wapo waliobaki, na wamezaa.

Wiki iliyopita tulimpeleka hifadhini akawaage. Alishuka garini, akafunua uso. Kundi lilimwona likatimua mbio. Alisimama mpaka vumbi likatulia, machozi yakimtiririka.

"Afadhali," akasema.

Bi. Truphena, tunakushukuru kwa niaba yao, maana wao hawatathubutu kukusogelea. Nenda salama, upate maisha mema na afya. Wajukuu wanakungoja Kericho. Hao wakumbatie kadiri upendavyo.