Mashavu ya Faustin

Maombi: Haloo? Nani huyo? Hii namba siijui.

Cyrille: Ni mi, yaya. Cyrille, mdogo wako. Simu yangu imezima, nimeazima ya mama wa kitanda cha pembeni.

Maombi: Nilizani ni bale banasemaka umeshinda gari. Mmeamka huko Lilongwe?

Cyrille: Tumeamka. Huko kambini Dzaleka je?

Maombi: Tuko. Vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mwanangu Kabibi analia, gauni la ndoa limemubana. Mdogo wetu je? Mwambie Faustin nsima ya hospitali haingojei mtu kuringa.

Cyrille: Hajala, yaya.

Maombi: Si nilisema, anaringa.

Cyrille: Hajaamka. Tangu jana mlivyomupakia kwenye gari.

Maombi: Lakini anapumua.

Cyrille: Anapumua. Sikia, dokta ananingo—

Maombi: Unakatika. Sogea.

Cyrille: Niko barazani sasa. Dokta ameniuliza jambo moja, mi sina jibu. We njo unaishi naye. Vile vinini, vidonge vyeupe vya kutuliza uvimbe wa kichwa, alivimeza mpaka mwisho?

Maombi: Dawa ya TB anameza kila asubuhi. Namusimamia kama askari wa getini.

Cyrille: Siulizi hiyo. Vile vidogo.

Maombi: Si alikuwa amepona? Ulimuona siku ya ubatizo, uso mviringo kama sahani. Bantu ba kanisa bote bakasema Malawi imemukubali. Nikamwambia, Faustin, tutakuuza kwa kilo.

Cyrille: Yale mashavu yalikuwa ya dawa, yaya. Haikuwa afya.

Maombi: Kunona ni kunona.

Cyrille: Hapana. Dokta amenieleza polepole, Kiingereza na Kichewa. Mwilini kuna seli kubwa, zinaitwa makrofaji, kazi yao ni kumeza vijidudu. Cha TB kinamezwa lakini hakifi, kinakaa mulemule ndani. Basi ile seli inaita wenzake, wanajaa, panavimba. Mguu ukivimba ngozi inanyooka. Kichwa ni mfupa, hakina pa kunyooka.

Maombi: Kwa hiyo askari wake mwenyewe njo banamupiga.

Cyrille: Njo hivyo. Anasema ndani ya hizo seli muko vipande vidogo sana, RNA ndogo. Vingine vinazima amri ya kuvimba, vinasema basi, inatosha. Kwa Faustin haijulikani kama vinashindwa. Vinini vilikuwa vinasaidia kutuliza.

Maombi: Basi bamuongezee hivyo vipande.

Cyrille: Nilimuuliza. Hakuna dawa yake. Bamechukua damu ya utafiti, itaenda Ulaya. Nikauliza jibu litarudi lini. Akasema litafaa bale batakaougua kesho kutwa.

Maombi: Kesho kutwa. Na huyu wa leo?

Cyrille: Wa leo anangoja jibu lako. Kama alivimeza vyote na bado amevimba, labda kijidudu kimezoea dawa. Batamubadilishia, na ile nyingine ni ya sindano, inaweza kumuziba masikio. Kama aliviacha, banarudisha vilevile.

Maombi: Sema alivimeza.

Cyrille: Vyote?

Maombi: Cyrille, niko na bageni hapa.

Cyrille: Toka nje.

(mlango, hatua)

Maombi: Nimetoka. Niko nyuma ya choo, umefurahi?

Cyrille: Alivimeza?

Maombi: Unamujua Kabibi wangu, mwembamba kama sindano ya cherehani. Mama mkwe alikuja kumuona, akamushika mkono, akauliza, huyu munamulishaka? Mbele ya bantu. Na we unajua kule kwetu Uvira basichana bananunua vinini vya kunonesha mbele ya ndoa. Mi niko na chupa ya Faustin ndani ya nyumba, mwenyewe ameshanona...

Cyrille: Yaya.

Maombi: Ye mwenyewe njo alisema chukua. Eti asije akanona kuliko bwana harusi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Cyrille: Chupa ilikuwa imefika wapi?

Maombi: Nusu. Kichwa kilianza kumuuma Faustin baada ya hapo. Nikasema ni jua.

Cyrille: Na Kabibi anameza mpaka leo?

Maombi: Gauni limembana kwa nini, unafikiri?

Cyrille: Asiache ghafla, yaya, mupeleke kiliniki. Na bamuangalie kifua. Hiyo dawa inalaza ulinzi wa mwili, naye amelala nyumba moja na TB.

Maombi: Usinipe bagonjwa babili, Cyrille.

Cyrille: Dokta huyo anapita. Usikate.

(sauti za mbali, Kiingereza)

Maombi: Cyrille?

Cyrille: Nimemwambia. Hakukasirika. Njo imeniogopesha.

Maombi: Amesemaje?

Cyrille: Banamuchoma dawa sasa hivi. Akasema laiti tungesema jana.

Maombi: Jana nilikuwa nafunga mizigo yake. Hakuna aliyeniuliza.

Cyrille: Najua.

Maombi: Atapona?

Cyrille: Amesema tungoje.

Maombi: Muwekee simu sikioni.

Cyrille: Hasikii, yaya. Na mayunitsi ya simu ya huyu mama yanaisha.

Maombi: Weka.

(hatua, kisha mkwaruzo)

Maombi: We Faustin. Ni mi. Unalala mchana kama bosi wa shirika? Sikiliza. Bakiuliza, nitasema ulikataa, nikanyang'anya, kwa hiyo ukiamka usinigeuzie maneno. Baba ya Kabibi hayupo, nani atamushika mkono kuingia kanisani? Mi? Na hii miguu? Faustin. Nitukane basi, hata moja. Tangu utoto hujawahi kuniacha bila jibu... Cyrille, midomo inatikisika?

Cyrille: Yaya, yanaisha—

Maombi: Angalia vizuri. Usiniambie haraka.

Cyrille: Yaya, i—

Maombi: Haloo? Inatikisika? Haloo?